Chumba cha kulala kikikusumbua, uliza kwanza tatizo linaanza saa ngapi

Nikiitwa kuangalia chumba hapa Mwanza, neno la kwanza huwa "chumba hiki kibaya". La pili huwa "nataka kubadilisha rangi". Mimi ni mchora ramani, si mganga, kwa hiyo nauliza swali moja: ubaya wenyewe unaanza saa ngapi? Chumba chenye joto saa mbili usiku na chumba chenye joto saa nane mchana vina magonjwa mawili tofauti, hata kama mwenye nyumba anatumia neno lilelile. Ukuta unaolowa siku ya mvua una chanzo tofauti na ukuta unaolowa siku tatu baada ya mvua kukatika.

Kabla ya kununua chochote, tafuta tepu na daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba usimame badala ya sentimita 20 za chumba. Chora kuta nne, mlango na upande unaofungukia, dirisha, kitanda, kabati na soketi. Pembeni weka mishale mitatu: ziwa liko upande gani, kilima kiko upande gani, na jua linazamia wapi. Kisha lala kitandani, maana hapo ndipo unapokitumia chumba, na kila penye kero tia alama ya X pamoja na saa yake. Fanya hivyo kwa wiki moja. Karatasi hiyo itakuokolea hela kuliko ushauri wangu wote.

"Usiku hakulaliki kwa joto"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Kipimo cha kwanza hakina gharama: saa nne usiku toka nje, simama dakika tano, kisha rudi ndani. Usiku wa Mwanza una ubaridi wake, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya alfajiri joto la nje hushuka kuelekea nyuzi 18 hivi. Kama nje pametulia na ndani panachemka, usilaumu hali ya hewa. Nyumba imekula jua mchana na sasa inalitapika.

Kisha gusa kuta zote nne kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Mara nyingi ukuta wa magharibi ndio utakaokujibu. Mji wetu umekaa upande wa mashariki wa ghuba ya Ziwa Victoria, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mji ukitaka dirisha la kuona ziwa unatazama magharibi. Kila anayejenga Capri Point, Kirumba au Kitangiri anataka kuliona ziwa akiwa kitandani. Analiona, na jua analipata pia. Saa zetu zinafuata majira ya Afrika Mashariki, lakini jua la hapa hufika utosini karibu saa saba kasoro robo, kwa hiyo jioni yetu ni ndefu na jua la kuchoma linaendelea hadi karibu saa moja. Tofali la bloku la inchi 6 huchukua muda wa saa nne hadi tano kulipitisha joto hilo hadi ndani. Lililoingia saa kumi jioni linatokea kwenye mto wako saa mbili au saa tatu usiku.

Watu husema, "Lakini nimeweka paa lililotokeza." Tufanye hesabu. Paa limetokeza sentimita 60. Saa kumi jioni kivuli chake kinashuka ukutani kama sentimita 54 tu, na saa kumi na moja kinabaki kama 30. Dirisha lote liko juani. Pazia zito la ndani halisaidii sana, kwa sababu likishapata moto limeshakuwa ndani nawe. Kivuli lazima kiwe nje: chiki, yaani mapazia ya mianzi, turubai jepesi kwenye fremu ya mbao, au mpasheni uliotambazwa kwenye waya hatua moja kutoka ukutani. Wakati unasubiri mpasheni ukue, sogeza kichwa cha kitanda kiondoke kwenye ukuta huo. Wateja wangu wawili walinilipa kwa ushauri huo tu, na wote wawili walinuna.

Chanzo cha pili ni hewa kukosa pa kutokea. Hapa pana jambo ambalo wavuvi wa Mwaloni wanalijua kuliko mafundi: mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Chumba chenye dirisha moja tu la upande wa ziwa kinakosa upepo wa usiku, kwa sababu unakuja kutoka nyuma ya nyumba, kule kwenye korido na choo. Jaribu hivi: saa nne usiku acha mlango wa chumba wazi pamoja na dirisha la upande wa kilimani, kisha shikilia utepe wa karatasi ya choo kwenye dirisha lako. Ukitikisika kuelekea nje, umepata jibu. Tiba yake ni tundu juu ya mlango, la sentimita 30 kwa upana wa mlango, lenye wavu. Nyumba za zamani zilikuwa nalo. Siku hizi tunaziba kila kitu kwa jipsamu, halafu tunanunua feni.

Madirisha ya alumini ya kuteleza nayo yana hila yake: kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo umelipia dirisha zima ila hewa inapita nusu. Kama bado hujaagiza, omba la kufunguka kwa bawaba.

Cha tatu ni bati. Panda juu ya kiti saa tisa alasiri. Ukihisi kichwa kina joto kuliko miguu, joto linatoka darini. Angalia kama dari la nje, chini ya paa, lina matundu yenye wavu. Likiwa limezibwa kabisa, hewa ya moto imefungiwa juu yako. Kupaka bati rangi nyeupe husaidia, na matundu ya dari husaidia pia, kwa gharama ndogo.

Chanzo cha nne ni cha kwetu hasa: jiwe. Kuna nyumba zimejengwa ukuta ukigusa jiwe kubwa kama lori, na jiwe hilo linaota jua kutwa nzima. Haliondoki, na usimruhusu mtu akuambie atalilipua. Liwekee kivuli.

Simama na uite mtu katika hali hizi. Kama paa ni la vigae vya zamani vya asbesto, usikate, usitoboe, usisugue. Vumbi lake linaharibu mapafu. Pangaboi lifungwe kwenye mbao za kenchi na fundi umeme, si kwenye ubao wa jipsamu. Na ukitaka kupanua dirisha, upande wa juu usivuke linta. Linta ndiyo iliyobeba mzigo wa ukuta wa juu, na nimeona fundi akiikata kwa grainda huku mwenye nyumba akimshikia ngazi.

"Ukuta unalia"

Mama mmoja wa Nyakato aliniambia, "Kijana wangu, rangi za siku hizi feki." Nikamjibu, "Mama, rangi haina kosa, imesukumwa kutoka nyuma." Alikuwa ameshapaka mara tatu. Sikumcheka, kwa sababu nilipokuwa nimepanga chumba chini ya kilima, mwenye nyumba wangu alipaka rangi ya mafuta kila nilipolalamika. Ukuta ukawa unang'aa kama kikombe, na maji, yakiwa yamekosa pa kupumulia, yakapanda hadi kwenye swichi.

Soma umbo la doa kabla ya kufanya chochote.

Doa lililoanzia chini, lenye ukingo wa mawimbi na unga mweupe wa chumvi, lisilozidi kimo cha kiuno: maji yanapanda kutoka ardhini. Kilichozoeleka ni udongo au zege la uani kuinuliwa hadi kuzidi usawa wa sakafu ya ndani. Pima nje. Ardhi inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Kama sivyo, punguza udongo uone msimu mmoja unavyokwenda. Kisichozoeleka sana ni msingi kukosa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, au kuwa nayo ikiwa imetobolewa. Hilo halitibiki kwa brashi.

Doa la juu, kwenye kona, linalokolea wakati mvua inanyesha: gata limejaa majani, msumari wa bati umelegea, au nyumba ni ya kuficha bati, yaani ukuta umepandishwa kulificha paa, na mfereji wa nyuma ya ukuta huo umeziba. Nyumba za kuficha bati zinapendeza kwa picha. Kwa masika ya hapa, mwezi wa tatu hadi wa tano, mfereji mmoja ukizibwa na chupa ya plastiki maji yote yanaingia darini, kwa sababu hayana ukingo wa kumwagikia. Kama ndiyo nyumba uliyo nayo, safisha mfereji kabla ya vuli na kabla ya masika, na tobolea ukuta tundu la dharura la kutolea maji.

Doa chini ya dirisha: kizingiti kimeinamia ndani. Mwaga kikombe cha maji uone yanakoelekea.

Doa jeusi nyuma ya kabati, lenye harufu ya kanzu iliyosahaulika sandukuni: hapo kwa kawaida hakuna uvujaji. Ni pumzi zenu. Watu wawili wamelala na madirisha yamefungwa, na mvuke unatulia kwenye ukuta wa baridi. Ili kuhakikisha, bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote nne zishikwe na gundi, ukiache siku mbili. Unyevu ukionekana juu ya nailoni, umetoka chumbani. Ukijikusanya nyuma yake, umetoka ukutani. Kwa wa chumbani, sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, fungua dirisha asubuhi, na acha kuanika nguo ndani.

Nimeliacha mwisho lile gumu zaidi. Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugando, popote tunapokata kilima ili tupate kiwanja, chumba cha nyuma hugeuka pango: ukuta wake umekumbatia udongo. Huo ukuta hulia siku mbili tatu baada ya mvua kuisha, wakati majirani wameshasahau, kwa sababu maji yanasafiri taratibu ndani ya kilima. Jiwe halinywi maji. Mvua inateleza juu ya uso wa jiwe chini ya udongo, inafuata mteremko wake, na mteremko unaishia kwenye ukuta wako. Ndiyo maana jirani wa kulia yuko mkavu na wewe umelowa: jiwe lililo chini ya kilima limeinamia kwako.

Tiba ya ndani, yaani saruji yenye dawa ya kuzuia maji iliyopakwa upande wa chumbani, inafanya kazi mwaka mmoja au miwili, kisha inabanduka kama ganda la muwa. Maji lazima yapewe njia nyingine kabla hayajafika: mtaro nyuma ya nyumba ulioshuka chini ya usawa wa sakafu, bomba lenye matundu, kokoto juu yake, na mdomo wa mtaro unaotokea mahali pa halali. Usitupie bondeni kwa jirani, mtakutana kwa mwenyekiti wa mtaa. Pale ambapo nyuma hapachimbiki kwa sababu ni jiwe tupu, mimi hushauri kukibadilishia chumba kazi. Kifanye stoo, halafu kitanda kihamie sebule ndogo. Watu hawapendi kusikia hivyo, ila kuna vyumba ambavyo havikupaswa kulalwa tangu siku ya kuchorwa.

Nyumba za tambarare karibu na maji zina hadithi yake. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kisichowahi kupimwa kabla, na baadhi ya misingi iliyokuwa mikavu ikaanza kunywa. Kama unyevu wako ulianza mwaka huo, usimwite fundi rangi.

Simama kabisa kama ukuta wa nyuma umetokeza tumbo kuja ndani, kama udongo wa kilima umeanza kupasuka sambamba na nyumba, au kama maji yanatoka na tope. Usichimbe mwenyewe kando ya msingi; udongo huo ndio unaoushikilia. Hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Na kama soketi au swichi iko kwenye ukuta uliolowa, zima swichi kuu kwanza, kisha tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Usijipime ujasiri kwa kuigusa.

"Kuna ufa"

Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui ni lipu iliyokaushwa haraka na jua. Paka putti, endelea na maisha.

Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango ni habari nyingine. Mwanza una sababu yake kubwa: nusu ya chumba imekaa juu ya jiwe, nusu juu ya kifusi kilichojazwa. Jiwe halishuki, kifusi kinashuka. Chukua kalamu, piga mstari kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Angalia tena baada ya miezi mitatu, ukivuka msimu mmoja wa mvua. Ukiwa umetulia na hauzidi milimita 2, uzibe. Ukitembea, ukifikia milimita 5, au mlango ukianza kukwama juu huku ukiachia chini, muone mhandisi. Kuna nyumba ambazo nyufa zake zilianza au ziliongezeka tarehe 10 Septemba 2016, siku ya tetemeko la Kagera la ukubwa wa 5.9 lililotikisa hadi huku. Mhandisi akija, mwambie tarehe hiyo kama unaikumbuka.

Ufa sakafuni ulionyooka hadi ukutani na kupanda nao, wala usisubiri miezi mitatu.

"Wadudu wa ziwani wanaingia kama moshi"

Hawa hawaumi na hawaenezi malaria. Hupanda kutoka ziwani kama wingu, zaidi siku za mwezi mwandamo, na wanafuata taa. Asubuhi unafagia rundo dirishani, na likilowa linanuka samaki. Chanzo karibu kila mara ni taa nyeupe ya chumbani iliyowashwa dirisha likiwa wazi jua linapozama. Zima ya chumbani, washa moja ya nje iliyo mbali na dirisha, subiri kama saa mbili hivi zipite, ndipo ufungue. Wavu wa mbu wa kawaida unapitisha wadogo wao. Kuna wavu wenye matundu madogo zaidi, ila unapunguza hewa, na hapo unarudi kwenye tatizo la joto. Chagua kero moja.

Chandarua kibaki palepale, kwa ajili ya mbu. Ukilalamika kwamba kinazuia hewa, badilisha cha duara uchukue cha pembe nne kinachokaa mbali na mwili.

"Kinabana"

Chumba cha mita 3 kwa 3, kitanda cha sita kwa sita. Kitanda na fremu yake kinachukua karibu mita 1.93. Imebaki mita 1.07, ukigawa pande mbili ni sentimita 53 kila upande, nawe unahitaji 60 ili upite bila kutembea upande upande kama kaa. Ongeza kabati la kina cha sentimita 60 na mlango unaofungukia ndani. Hapo hakuna ubunifu wa rangi utakaosaidia. Shuka kwenye tano kwa sita, geuza mlango ufungukie upande wa ukuta, au panda juu: kabati lifike dari, masanduku yakae huko. Kwenye karatasi yako kata kitanda kwa kipande cha boksi na ukisogeze. Dakika kumi tu, bila kumwita mtu wa kubeba.

Kuhusu giza na kelele nitapita haraka. Dirisha linalotazama ukuta wa jirani uliosimama mita moja halitaleta mwanga hata ukilipanua. Mwombe jirani upake ukuta wake rangi nyeupe kwa gharama yako. Kelele za baa na pikipiki hupita pale hewa inapopita, kwa hiyo ukiziba tundu unapata utulivu na joto. Sijaona nyumba ya bei ya kawaida iliyoshinda yote mawili.

Mambo ya kutoka nje mara moja

Ukiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu, na usiku mlikuwa na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi ya mvua, toeni watu wote nje kwanza, kisha nendeni hospitali. Kaboni monoksaidi haina harufu. Jenereta hata iliyo barazani ni hatari ileile.

Na kama juu ya nyumba yako kuna jiwe, nenda ukalikague mvua kubwa inapokatika. Ukiona udongo umeliwa chini yake, au kuna mwanya mpya kati ya jiwe na ardhi, usilale ndani usiku huo. Mji huu umeshazika watu waliolaliwa na mawe wakiwa kitandani. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa na zimamoto kwa namba 114, na usikubali vijana walisukume kwa nondo.

Kama baada ya haya yote umeamua kubomoa na kujenga upya chumba, karatasi yako ya miraba umpelekee mbunifu majengo aliyesajiliwa, pamoja na alama za X na saa zake. Kibali kinatoka halmashauri, Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea ulipo. Kazi yenyewe ipange hivi: mtaro, paa, ufa, umeme, lipu. Lipu ikauke wiki nne, ndipo uulize bei ya rangi.